Kiapo Langoni mwa Mji Mwovu: Historia ya Paladini katika Kanuni za Michezo ya Uhusika, 1974–2014

Ikisiri

Makala hii inafuatilia mabadiliko ya kanuni zinazomhusu paladini, yaani shujaa mtakatifu aliyefungwa na kiapo, katika mchezo wa Dungeons & Dragons tangu ulipochapishwa nchini Marekani mwaka 1974 hadi toleo la tano la mwaka 2014. Swali la msingi ni kwa nini mhusika huyu, ambaye hana tatizo kubwa akiwa vitani, huzua mgogoro mara anapoingizwa katika mji unaotawaliwa na waovu. Inajengwa hoja kwamba chanzo cha mgogoro huo ni cha kilugha: mwaka 1976 dhana moja ya sheria iligawanywa kuwa mbili, ilhali kiapo kiliendelea kudai utii kwa zote mbili. Historia iliyofuata ni ya jitihada za kuondoa mkanganyiko huo kwa kubadili maneno ya kiapo. Makala inahitimisha kwa kuonyesha mafunzo yanayowahusu wafasiri na waandishi wa kanuni za maadili.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hii humshauri mgeni afuate desturi za alikofika ili apate kuishi kwa amani. Katika michezo ya uhusika ya mezani yupo mhusika ambaye kanuni zilimnyima nafasi hiyo. Hakuruhusiwa kulivunja jicho lake, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kulifumba. Mhusika huyo ni paladini.

Mchezo wa uhusika wa mezani huchezwa na watu wachache walioketi pamoja. Mmoja wao ni msimamizi: husimulia ulimwengu wa mchezo, huwasemea watu wote ambao mashujaa wanakutana nao, na huamua matokeo ya matendo yao. Kila mmoja wa waliobaki humchukua mhusika mmoja na kusema na kutenda kwa niaba yake. Jambo lisilo na uhakika huamuliwa kwa kurusha dadu. Hakuna matini ya tamthilia iliyoandikwa kabla. Hadithi hutungwa papo hapo kwa mazungumzo, ndani ya mipaka ya kitabu cha kanuni. Kwa hiyo neno moja la kitabu hicho laweza kuamua iwapo mhusika ataendelea kuwa alivyo au atapoteza kila alichonacho.

Mfano wa kubuni utasaidia kufafanua tatizo. Mashujaa wanne, yaani mwizi, mchawi, kuhani na paladini, wanafika kwenye lango la mji unaotawaliwa na mfalme dhalimu. Wamekuja kuwakomboa mateka. Mlinzi anauliza wametoka wapi na wanataka nini. Mwizi anajibu upesi kwamba wao ni wachuuzi wa chumvi, kisha mlinzi anamgeukia paladini na kumuuliza iwapo hayo ni kweli. Akikubali, amesema uongo. Akikana, wenzake watanyongwa kabla ya jua kuchwa, na mateka watabaki kifungoni. Akinyamaza, amenufaika na uongo wa mwenzake. Tuseme amevuka salama. Sokoni anamkuta mtumwa aliyetoroka akikimbizwa na bwana wake, na sheria ya mji inamtaka kila aliyepo asaidie kumkamata. Kiapo cha paladini kinamtaka aheshimu sheria, na kinamtaka amlinde mnyonge. Hapo hakuna hatua isiyovunja nusu ya kiapo.

Mgogoro wa namna hii mara nyingi huelezwa kwa tabia za watu: mchezaji mkaidi au msimamizi mkatili. Makala hii haikatai kwamba watu wa aina hiyo wapo. Inadai, hata hivyo, kwamba mgogoro ulikuwamo ndani ya maandishi kabla ya mtu yeyote kuketi mezani, na kwamba unaeleweka vizuri zaidi kwa kufuata historia ya neno moja, nalo ni sheria.

2.0 Shujaa wa uwanja wa vita

Neno paladini lina asili ya Kilatini. Palatinus alikuwa mtu wa kasri, na jina lenyewe limetokana na kilima cha Palatino mjini Roma, yalikokuwa makazi ya makaisari. Katika masimulizi ya Ulaya ya zama za kati, paladini walikuwa mashujaa kumi na wawili wa Mfalme Charlemagne. Aliyevuma kuliko wote ni Roland, ambaye kifo chake katika mapigano ya Roncevaux ya mwaka 778 kiligeuka kuwa kiini cha utenzi mkubwa wa Kifaransa wa karne ya 11 au mwanzo wa karne ya 12.

Jambo la kuzingatia katika simulizi hizo ni mahali. Shujaa anasimama uwanjani, jeshi lake nyuma na jeshi la adui mbele. Mafunzo yake ya kimaadili ni ujasiri, uaminifu kwa bwana wake na uthabiti wa imani. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atautambua mpangilio huo kutokana na Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, ambamo jeshi la Waislamu linapambana na jeshi la Herekali. Tungo hizo mbili hazina uhusiano wa kihistoria, lakini zinafanana katika jambo moja: zinamwonyesha mpiganaji wa imani akikabiliana na adui anayejulikana, na hazimwachi aishi miaka kadhaa katika mtaa wa adui huyo, akinunua mkate wake na kulipa ushuru wake.

Paladini wa mchezo alirithi umbo hilo kupitia riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, iliyotoka kama kitabu mwaka 1961 baada ya kuchapishwa kwa sura fupi zaidi katika gazeti mwaka 1953. Mhusika wake mkuu, Holger Carlsen, ni Mdenishi wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ambaye anajikuta katika ulimwengu wa hekaya, na hatimaye anatambulika kuwa ndiye Ogier, mmojawapo wa mashujaa wa Charlemagne. Humo ndimo wabunifu wa mchezo walimoipata pia picha ya dunia iliyogawanyika kati ya Sheria na Vurugu, wazo lililotumiwa vilevile na Michael Moorcock katika hadithi zake.

3.0 Sheria kama jeshi, 1971–1975

Kabla ya Dungeons & Dragons kulikuwa na Chainmail, kijitabu cha kanuni za vita vya vinyago kilichoandikwa na Gary Gygax na Jeff Perren mwaka 1971. Nyongeza yake ya masuala ya kihekaya iliwapanga viumbe katika safu: walio upande wa Sheria, walio upande wa Vurugu, na wasio na upande. Orodha hiyo ilikuwa na kazi ya kivita. Ilimwambia mchezaji ni vikosi gani vinaweza kupigana bega kwa bega.

Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wao mwaka 1974, kupitia kampuni ya Tactical Studies Rules ya Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, waliichukua orodha hiyo karibu kama ilivyokuwa. Kila mhusika alitakiwa kuchagua upande mmoja kati ya mitatu. Kwa mtafiti wa lugha, ushahidi wa wazi zaidi wa maana ya neno hilo ni kwamba kila upande ulipewa lugha yake. Walio upande wa Sheria walizungumza lugha moja wakaelewana, na walio upande wa Vurugu vivyo hivyo. Katika hatua hii, basi, Sheria lilikuwa jina la kambi yenye watu wake na lugha yake. Halikuwa na uhusiano na kanuni za mji wowote wala na mahakama yoyote.

Paladini aliingia mwaka uliofuata, katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, iliyoandikwa na Gygax na Rob Kuntz. Alikuwa mpiganaji wa upande wa Sheria tangu mwanzo wa mchezo, mwenye alama zisizopungua 17 za haiba. Kwa kuwa alama hizo zilipatikana kwa dadu tatu, uwezekano wa kufikia 17 au 18 ni mara 4 katika 216, yaani mtu 1 kati ya 54. Aliponya kwa kuwekea mikono, hakupatwa na maradhi, na alisuhubiana na walio upande wa Sheria tu. Tendo lolote la upande wa Vurugu lilimvua hadhi yake papo hapo, bila ya nafasi ya kuirudisha.

Adhabu hiyo yaonekana kali mno leo, lakini ilikuwa na mantiki katika mazingira yake. Kama Sheria ni kambi, basi kutenda tendo la kambi ya pili ni usaliti, na msaliti hufukuzwa jeshini. Mpaka ulikuwa bayana, na mlango wa kosa la bahati mbaya ulikuwa mwembamba.

4.0 Mgawanyiko wa mwaka 1976

Mnamo Februari 1976, katika jarida la kampuni lililoitwa The Strategic Review, Gygax alichapisha makala ya kufafanua maana ya Sheria na Vurugu na uhusiano wa dhana hizo na wema na uovu. Alichora mihimili miwili inayokatana. Mmoja ulitoka Sheria hadi Vurugu. Wa pili ulitoka wema hadi uovu. Kuanzia hapo iliwezekana kuwa mwema asiyejali sheria, na iliwezekana pia kuwa mwovu anayeitii sheria kikamilifu.

Kinadharia hayo yalikuwa maendeleo. Dunia halisi inawajua watawala wanaodhulumu kwa kufuata taratibu zote, na inawajua watu wema wanaovunja amri mbaya. Kwa paladini, hata hivyo, mchoro huo ulizaa tatizo. Kabla yake alikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Sheria. Baada yake alikuwa na mabwana wawili, sheria na wema, na hakuna popote palipoelezwa nani atangulie pale wanapotofautiana.

Mwongozo wa wachezaji wa Advanced Dungeons & Dragons wa mwaka 1978 uliuimarisha mfumo huo kwa kuweka mielekeo tisa ya kimaadili. Paladini alilazimika kuwa binadamu, mtii wa sheria na mwema. Tendo la vurugu lilisafishwa kwa kuungama mbele ya kuhani wa ngazi ya juu na kutimiza kitubio. Tendo la uovu lililofanywa kwa makusudi lilimwondolea hadhi moja kwa moja, na hakuna kitubio ambacho kingeirejesha. Alitakiwa kutoa sehemu ya kumi ya mali yake, na hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya vifaa kumi vya kimiujiza. Wafuasi wake wa kudumu walipaswa kuwa watii wa sheria na wema kama yeye. Aliweza kufuatana na wasioegemea upande kwa safari moja moja tu, na kwa sharti kwamba safari hiyo inaendeleza wema.

Katika tofauti ya adhabu hizo mbili kulikuwa na jibu la nusu. Kwa kuwa kosa dhidi ya sheria lilisameheka na kosa dhidi ya wema halikusameheka, ilikuwa halali kuhitimisha kwamba wema ndio uliotangulia. Kanuni zenyewe hazikulisema hilo, na msomaji alilazimika kulikisia kutokana na ukubwa wa adhabu. Kanuni inayomtaka mfuasi wake akisie jambo kubwa kuliko yote huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na mwenye mamlaka aliye karibu zaidi. Mezani, mtu huyo ni msimamizi.

5.0 Mji unapojengwa

Pengo hilo lisingeonekana sana kama mchezo ungebaki mapangoni. Pangoni adui ni jitu au joka, na swali la sheria ya nchi halizuki. Lakini miji ilianza kuchapishwa mapema. Mwaka 1976 kampuni ya Judges Guild ya Decatur, Illinois, ilitoa City State of the Invincible Overlord, mji ulioelezwa mtaa kwa mtaa na duka kwa duka, chini ya mtawala ambaye jina lake tu linatosha kuonyesha aina ya utawala wake.

Mwaka 1978 Gygax mwenyewe alichapisha Vault of the Drow, masimulizi ya safari ya chini ya ardhi inayofika katika mji wa Erelhei-Cinlu. Wenyeji wake ni drow, jamii ya kubuni inayomwabudu Lolth, malkia wa kishetani anayehusishwa na buibui. Mji huo si pango lenye maadui waliojipanga wasubiri kuuawa. Una koo za watukufu zinazooneana kijicho, wafanyabiashara wa kigeni, watumwa na matabaka. Mashujaa wachache hawawezi kuushinda kwa upanga. Njia yenye matumaini ni kuingia kwa siri, kuzielewa hasama za koo, na kuzitumia. Kwa maneno mengine, mji huo unamtuza mchezaji kwa mambo yale yale ambayo mwongozo uliotolewa mwaka huo huo unamkataza paladini: kujificha, kudanganya, na kushirikiana na mwovu mmoja dhidi ya mwingine.

Kipo pia kipaji cha kuutambua uovu. Paladini wa 1978 aliweza, kwa kukaza fikra, kuhisi uovu uliokuwa umbali wa hadi futi 60, na mara nyingi kadiri alivyotaka. Porini kipaji hicho ni tahadhari inayofaa. Sokoni katika mji mwovu ni mzigo, kwa kuwa jibu linatoka pande zote. Muuza samaki ni mwovu, mtoza ushuru ni mwovu, na mwenye nyumba ya wageni ni mwovu. Paladini akishajua hivyo afanye nini? Akiwapiga wote, amewaua watu ambao hakuwaona wakitenda kosa lolote. Akiwaacha, ameishi kwa amani na kile alichoapa kukipinga. Kanuni zilimpa elimu bila kumpa mwongozo wa matumizi yake.

6.0 Njia zilizowezekana

Kutokana na kanuni hizo, msimamizi na wachezaji waliomwingiza paladini katika mji mwovu walikuwa na njia nne.

Njia ya kwanza ilikuwa kumzuia asiingie. Paladini anabaki nje ya kuta akilinda farasi, au mchezaji wake anachukua mhusika mwingine kwa muda. Kiapo kinabaki salama, lakini mhusika anaondolewa mahali ambapo kiapo chake kingekuwa na maana kubwa zaidi.

Njia ya pili ilikuwa kutafuta mianya katika maneno. Kunyamaza si kusema uongo. Kuvaa joho la mtu mwingine si kutamka neno lolote. Wenzake wakipanga hila akiwa amelala, hakuijua. Njia hii hugeuza maadili kuwa kesi ya mahakamani. Mchezaji anakuwa wakili wa mhusika wake, na msimamizi anakuwa hakimu ambaye pia ndiye aliyetunga shitaka.

Njia ya tatu ilikuwa mtego. Msimamizi anaandaa hali isiyo na jibu sahihi, kisha anamvua paladini hadhi yake kwa jibu lolote alilotoa. Kwa kuwa maandishi yaliacha mgongano kati ya sheria na wema, mtego huo haukuhitaji ustadi. Ulitosha mtumwa mmoja aliyetoroka na bwana mmoja mwenye hati ya umiliki. Mtego kinyume chake uliwezekana pia, yaani mchezaji kukitumia kiapo kama fimbo ya kuwachapia wenzake, akiwakataza hila zote na kuidhoofisha safari nzima kwa kisingizio kwamba ndivyo mhusika wake alivyo.

Njia ya nne ilikuwa makubaliano. Kabla ya kufika langoni, watu walioketi mezani wanakubaliana kiapo kinamaanisha nini: kinadai utii kwa sheria ya nani, kinakataza uongo wa aina gani, na msimamizi atatoa onyo kabla ya kutoa hukumu. Njia hii haikukatazwa na kitabu, wala haikuandikwa kama sharti. Ni hii ya nne pekee inayoufanya mji mwovu uwe mahali pa kusimulia hadithi ya paladini, kwa sababu ndani yake mchezaji anajua gharama ya tendo lake kabla ya kulitenda. Shujaa anayechagua kuungama ukweli langoni, akijua kitakachompata, ana hadithi. Shujaa anayegundua baadaye kwamba msimamizi alilielewa neno kwa namna tofauti ana malalamiko tu.

7.0 Kutoka mamlaka halali hadi mamlaka ya haki, 1989–2014

Matoleo yaliyofuata yanaweza kusomwa kama majaribio ya kuyaingiza makubaliano hayo ndani ya maandishi.

Toleo la pili la mwaka 1989 lilibaki na ukali wa zamani kwa uovu wa makusudi, lakini lilimpa nafasi ya kutubu paladini aliyetenda uovu akiwa ametawaliwa na uchawi. Dhamiri ilianza kuhesabiwa pamoja na tendo. Toleo hilo hilo liliziacha zile lugha za pande zilizokuwapo tangu 1974. Mabaki ya mwisho ya maana ya Sheria kama kambi yenye wasemaji wake yalitoweka hapo.

Mwaka 2000, baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR mwaka 1997, toleo la tatu lilimfungulia upaladini kila jamii ya viumbe wa mchezo na likauandika mwenendo wake kwa vifungu: aheshimu mamlaka halali, atende kwa heshima bila uongo, udanganyifu wala sumu, awasaidie wahitaji, na awaadhibu wanaowadhuru wasio na hatia. Hakuruhusiwa kufuatana na mtu aliyemjua kuwa mwovu. Aliyeanguka aliweza kurejeshwa kwa ibada ya upatanisho.

Neno lililobeba uzito katika orodha hiyo ni uhalali wa mamlaka. Hapo maandishi yalikiri kwamba si kila amri ya kila mtawala inastahili utii. Lakini uhalali unatokana na nini? Mfalme dhalimu aliyerithi kiti kwa taratibu zote za nchi yake anaweza kudai kwamba mamlaka yake ni halali. Langoni mwa mji mwovu, neno hilo lilitoa nafasi ya kujadiliana, lakini halikutoa jibu.

Toleo la nne la mwaka 2008 lilikata fundo badala ya kulifungua. Paladini alilingana na mwelekeo wa mungu anayemtumikia, wowote uwao. Aliyekwisha kuwekwa wakfu hakuweza kunyang'anywa uwezo wake na kanuni. Kumwadhibu lilikuwa jukumu la waumini wenzake ndani ya hadithi. Mtego wa msimamizi ulikwisha, lakini kiapo nacho kilipoteza sehemu kubwa ya uzito wake.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha kiapo kwa sura mpya. Mwongozo wake wa wachezaji ulitoa viapo vitatu, na mchezaji alichagua kimoja. Anayeshika kiapo cha kujitoa wakfu hasemi uongo. Anayeshika kiapo cha kisasi anatakiwa kuukabili uovu mkubwa kabla ya mdogo, na anaruhusiwa njia nyingi za kumfikia adui wake. Hivyo paladini wawili wanaweza kusimama kwenye lango lile lile, mmoja akadanganya na mwingine akakataa, na wote wakabaki ndani ya viapo vyao. Kipaji cha kuhisi nacho kilibadilishwa. Sasa kilitambua viumbe wa mbinguni, mashetani na wafu wanaotembea; hakikutambua tena uovu wa moyo wa binadamu. Paladini sokoni alilazimika kumjua muuza samaki kama watu wengine wanavyomjua, kwa maneno na matendo yake.

Mabadiliko madogo kuliko yote ndiyo yanayojibu swali la makala hii. Katika kiapo cha kujitoa wakfu, utii hautolewi tena kwa mamlaka kwa sababu ya uhalali wake. Unatolewa kwa wale walio na mamlaka ya haki juu ya aliyeapa. Kivumishi kimoja kimebadilishwa na kingine, na mpangilio uliokuwa haujaandikwa tangu 1976 umeandikwa: haki inatangulia, na utii unafuata. Mtumwa wa sokoni anaweza kulindwa bila kiapo kuvunjika.

8.0 Suala la tafsiri

Mtu atakayezifasiri kanuni hizi kwa Kiswahili atakutana na historia hii yote katika uteuzi wa maneno machache. Kiswahili kina sheria, kanuni, haki, halali na uadilifu. Sheria ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako lilihusu kwanza njia aliyoiweka Mungu. Katika matumizi ya sasa ya bunge na mahakama, linahusu zaidi amri za dola, ingawa maana ya kidini haijatoweka. Neno halali vilevile linatumika kwa kile kinachoruhusiwa na dini na kwa kile kinachoruhusiwa na serikali. Haki inabeba stahili ya mtu na usawa wa hukumu.

Kwa hiyo mfasiri wa vijitabu vya 1974 atatafsiri sawasawa akiandika upande wa Sheria kwa herufi kubwa, kwa kuwa ni jina la kambi. Akilichukua neno hilo hilo katika mwongozo wa 1978, msomaji wake ataelewa utii kwa dola na atashangaa kwa nini shujaa mtakatifu amfungie mtumwa minyororo. Hapo uadilifu lingekuwa karibu zaidi na kusudio la mhusika, lakini lingeuficha mgongano uliomo katika matini asilia. Aidha, anayeandika mamlaka halali kwa toleo la 2000 na pia kwa la 2014 atakuwa ameyafuta mabadiliko ya miaka kumi na minne kwa neno moja. Istilahi za namna hii haziwezi kusanifiwa kwa orodha ya maneno pekee. Zinahitaji tarehe.

9.0 Hitimisho

Paladini aliundwa kwa ajili ya uwanja wa vita, ambapo sheria na wema vilikuwa jina la jeshi moja. Mchoro wa 1976 uliwatenganisha wawili hao bila kukirekebisha kiapo, na mji mwovu ukawa mahali ambapo utengano huo haukuweza kukwepwa. Kwa karibu miongo minne, waandishi wa kanuni walijaribu msamaha, vifungu, na kufuta adhabu, kabla ya kuandika waziwazi ni kipi kinachotangulia.

Mambo matatu yanawahusu wanaoandika au kushauri kuhusu kanuni za maadili, ziwe za mchezo, za shule au za ofisi. Kwanza, kanuni inayodai utii kwa mambo mawili lazima itaje lipi linatangulia yanapogongana. Isipotaja, itakuwa imemkabidhi msimamizi uamuzi huo bila kusema. Pili, adhabu isiyorekebishika haifai kuambatanishwa na neno ambalo maana yake haijakubaliwa. Tatu, kanuni inapaswa kujaribiwa katika mazingira magumu kabla haijatangazwa, kwa sababu uwanjani, adui akiwa mbele na wenzako nyuma, karibu kila kiapo huonekana kamili.

Kiapo cha mtu huyu kinapimwa katika mji wa wenye chongo, ambako kuona ni kosa na kufumba jicho ni kuvunja ahadi. Wanaomwingiza humo wana wajibu wa kumwambia, kabla ya kufika langoni, ni nini hasa alichoapa.